Stata Mpya, Stata Mbaya

Wewe ambaye gari lako limesema "tak" mara moja likanyamaza, na tayari umeshika simu umtumie mwenye duka pesa ya stata mpya, ngoja. Weka simu chini. Nimekaa na stata, hizi mota za kuamshia injini, hapa Garissa mpaka vidole vikakataa kukunjika, na nawaambia bila kuogopa mtu: stata nyingi zinazong'olewa katika mji huu hazina kosa. Zinang'olewa kwa sababu mwenye gari ana haraka, fundi ana haraka kumshinda, na mwenye duka hana haraka yoyote, amekaa kwenye kivuli cha mabati yake anawangoja wote wawili.

Jina langu Dahabo. Watoto wa mtaani waniita Ayeyo Stata, yaani bibi wa stata, na sikatai. Shule sikukaa. Kalamu nilifundishwa kushika kwenye darasa la gumbaru nikiwa tayari na wajukuu, kwa hiyo mkiona sentensi imeenda upande, inyosheni wenyewe, nyinyi mna vyeti. Lakini jina halinipotei. Aliyewahi kuniletea gari namjua yeye, baba yake na babu yake, na namjua mbuzi aliyeuzwa kulipia ile kazi. Wasomi wana vitabu, mimi nina majina.

Nimesema mbuzi kwa sababu hapa kwetu ndiye mizani. Shilingi tunazijua, lakini mtu akitaka kuelewa bei kwa moyo wake huuliza ni mbuzi wangapi. Mwaka wa mvua, stata ya pikapu ya dizeli ni mbuzi wanne. Mwaka wa ukame ni stata ile ile, ndani ya boksi lile lile, lakini sasa ni mbuzi wanane, maana mbuzi ameanguka bei na stata haijui kama nyasi zimeisha. Kaboni mpya nne na bushi mbili, zile pete za kushikia mhimili, kazi yangu ikiwa ndani, haikufika hata mbuzi mmoja, iwe mvua iwe jua. Kaboni ni vijiti vidogo vyeusi vinavyopeleka moto wa betri ndani ya stata. Vinaisha kama sabuni, kidogo kidogo. Sasa niambieni, sabuni ikiisha mnabomoa bafu?

Sikilizeni gari kwanza, kabla ya kumsikiliza mtu. Ukipiga ufunguo ikasema tak-tak-tak-tak, mbio kama cherehani, hiyo ni betri ina njaa. Ikizunguka yenyewe ikalia wiii na injini haigeuki, meno ya mbele hayashiki. Ikinyamaza kabisa, iache stata, fuata ufunguo na fyuzi. Ile tak moja, nzito, kama mtu ameangusha jiwe, ndiyo inayowadanganya wengi. Inaweza kuwa kaboni. Inaweza kuwa waya umeoza mahali. Washa taa za mbele, piga ufunguo, utazame kama taa zinafifia; zikififia, anza na betri. Gonga mwili wa stata kidogo kwa mpini wa nyundo, kidogo nimesema, si kama unaua nyoka, halafu jaribu tena. Ikizunguka, ni kaboni zinaomba kubadilishwa. Yote haya hayakugharimu kitu, na bado hujafungua hata nati moja.

Aliyenifundisha ni Mutuku wa Kilonzo, mtu wa Mwingi, aliyekuja Garissa kwa kazi ya wiki mbili akakaa mpaka mvi. Mimi nilikuwa mjane ninauza chai na mandazi pembeni ya meza yake. Macho yake yakaanza kuharibika. Kazi ya stata zamani ilikuwa na waya mwembamba wa kusuka upya, na Mutuku alikuwa akipitisha waya palepale mara mbili, halafu anatukana waya. Siku moja nilimnyang'anya. Nikasuka mwenyewe, nikakaza, nikafunga fundo. Akapapasa kwa kidole gumba, akapapasa tena, akaniuliza nimejifunza wapi.

Nimejifunza wapi? Nyumba yetu ya kuhama, akal, hujengwa na mwanamke. Mwanamume analeta ngamia, mwanamke anakunja miti, anasuka mikeka, anafunga kamba, na asubuhi ya kuhama anaibomoa nyumba nzima na kuifunga juu ya ngamia bila fundo moja kulegea njiani. Mama yangu alinifunga mkono wa kulia mgongoni ili nijifunze kufunga fundo kwa wa kushoto. Halafu mtu ananiambia vidole vya mwanamke havifai kwenye waya. Wanaume walikuwa wakipita wanasema yule mama atakaanga mandazi ndani ya stata. Nikawajibu, mandazi yangu yanageuza lori la tani kumi, ya mke wako yanageuza nini?

Lakini nilikosea pia, sifichi. Stata yangu ya kwanza kabisa, ya lori la Bishar Ali, niliirudishia nyaya za ndani kichwa chini. Tukaijaribu juu ya meza, ikazunguka vizuri, ikanguruma, mimi nikajisikia malkia. Mutuku akainama, akatazama, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa inazunguka kinyume. Akasema, "Dahabo, umetengeneza stata ya kurudi nyumbani." Tangu siku ile kabla ya kufungua nachora alama kwa msumari kwenye kila kipande. Nyinyi mnapiga picha kwa simu, ni sawa, lakini simu hufa betri. Alama ya msumari haifi.

Mutuku alipofariki, Mungu amlipe, meza ilibaki kwangu. Na Kiswahili chake kilibaki kwangu, maana mimi Kiswahili nilikijua kwenye meza ile, si kwingine. Ila kuna herufi moja hakuweza kuniachia. Sisi Wasomali kwa lugha yetu p hatuna. Pesa kwetu ni besa, pole pole ni bole bole. Watu wa bara wanacheka. Wacheke. Tumeishi bila p tangu babu wa babu, na ngamia wetu wamefika ng'ambo bila hiyo p.

Herufi hiyo hiyo iligharimu mbuzi wanane, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Kuna mama anaitwa Sahara, binti Noor, anakaa mbele ya mji wa Masalani, mbali na hapa, kwenye mchanga. Alikuwa na pikapu ya kukusanya maziwa boma kwa boma na kuyapeleka sokoni, na dereva wake ni Komora, Mpokomo wa kando ya mto, mtu mzima, mkimya, hana maringo. Mwezi mmoja kabla ya haya, Komora aliniletea stata ya pikapu ile. Niliifungua, nikaweka kaboni nne, bushi mbili, nikaosha, nikapaka grisi, nikairudisha. Stata ile ilikuwa kama imetoka tumboni mwa mama yake.

Ulikuwa ukame mkali. Mume wake alikuwa amewapeleka ngamia mbali kutafuta majani, na nyumbani kwa Sahara walibaki watoto watano na mbuzi wanane wa maziwa. Maziwa ya mbuzi wale ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto. Majina yao nayajua: Adey, Gadudo, Bilan, Dayah, Barwako, Malab, Subag, na Dhego aliyekatika sikio.

Asubuhi moja Komora ananipigia. Pikapu imekataa, inasema tak moja tu. Nikamuuliza taa zikoje, akasema taa zinawaka kama jua, hazitikisiki. Nikajua papo hapo. Betri nzima, stata nimeitengeneza mwezi uliopita, basi ni ule waya mweusi unaoshikanisha injini na bodi. Nikamwambia kwa sauti kubwa, maana mtandao wa kule huja na kuondoka kama mgeni: stata ni mpya, angalia waya mweusi. Akasema sawa Ayeyo. Simu ikakatika.

Sasa nyinyi mnajua mdomo wangu ulisema nini. Mimi nilisema mpya. Kilichotoka ni mbya. Na upepo wa Masalani, na mtandao, na sikio la Komora, vikaongeza kilichobaki. Kuhusu waya hakusikia kitu.

Komora akamwendea Sahara akamwambia Ayeyo Stata amesema stata ni mbaya. Sahara hakubisha. Angebisha vipi? Neno limetoka kwangu. Pikapu isipotembea hakuna maziwa ya kuuza, hakuna unga, na mchangani gari halisukumiki. Siku ile ile akampata dalali aliyekuwa akipita na lori kwenda sokoni, akamuuzia mbuzi wote wanane kwa bei ya ukame, na pesa akamtumia Gedi mwenye duka la spea hapa mjini.

Gedi ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Stata ile ilitoka kwake ndani ya boksi, ikapita mbele ya meza yangu ikibebwa kupelekwa kwenye gari la Masalani, na mimi nikaiona. Nikasema moyoni, maskini, ni nani tena huyu anayenunua bila kupima. Wallahi nilisema hivyo. Nikaendelea na chai yangu.

Siku ya nne pikapu ikaja. Ilivutwa na lori mpaka injini ikawaka, na Komora hakuizima tena mpaka mlangoni kwangu. Sahara alikuwa amekaa mbele. Nikainama chini ya gari kuangalia, na nikakutana na stata inang'aa, rangi ya kiwandani, hata kibandiko hakijatoka.

Nikamuuliza Komora hii ni ya nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Si wewe ulisema ya zamani ni mbaya?"

"Mimi nilisema ni mbya."

"Ndiyo, Ayeyo. Mbaya."

"Mbya, Komora. Mbya. Ya kutoka dukani. Isiyotumika."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mpya?"

Nikamwambia azime injini. Akazima. Nikamwambia apige ufunguo. Tak. Stata mpya ya mbuzi wanane, na bado tak. Nikachukua waya mnene wa kuazimia moto, upande mmoja nikashika kichwa hasi cha betri, upande wa pili chuma kitupu cha injini. Nikamwambia, piga sasa. Injini ikaruka mara moja. Nikaufuata ule waya mweusi, nikaupasua ngozi kwa kisu: ndani hakuna shaba, ni unga wa kijani. Kipande kipya na vichwa vyake viwili kiligharimu kama vikombe vinne vya chai. Kisha nikaing'oa ile stata ya Gedi nikarudisha yangu, iliyokuwa imetupwa nyuma ya pikapu ndani ya gunia. Ya Gedi niliposhika mkononi ilikuwa nyepesi. Hilo nalo mjifunze: stata ya shaba ina uzito wa mtoto aliyeshiba. Ikikuinukia kirahisi, ndani wameweka waya wa kitu kingine.

Sahara alikuwa ameshuka, amesimama na baibui imejaa vumbi. Alielewa kila kitu bila mtu kumwambia. Hakupiga kelele. Aliniambia kwa lugha yetu, "Edo, watoto wangu tangu Jumamosi wanakunywa chai kavu, bila maziwa." Edo ni shangazi, ndivyo alivyoniita siku zote.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema neno zuri. Sikusema. Nilienda kwa Gedi na ile stata, arudishe pesa. Gedi akanionyesha karatasi ukutani kwake: kitu cha umeme kikitoka hakirudi. Nikamwambia hakikutoka, kimehama tu ukuta mmoja. Hakucheka. Nikaenda sokoni mwenyewe kumtafuta dalali. Nilimpata. Mbuzi walikuwa wamekwisha kupakiwa na kwenda Nairobi, na mnajua Nairobi mbuzi haendi kukamuliwa.

Watu wa mume wa Sahara wakaita wazee. Haki yao. Tulikaa chumba cha nyuma cha hoteli ya chai, wazee watatu, Sahara, Komora, mimi, na wanaume wa mtaani wameziba mlango. Mkubwa wa wazee alikuwa Hirsi wa Farah, mtu wa haki lakini mpenda njia ya mkato. Kwa sababu Komora ndiye shahidi, na Kisomali chake ni cha kununua maziwa tu, mambo yote yakasemwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Hirsi akaniambia niseme lile neno nililosema kwenye simu. Nikasema. Akaniambia niseme na lile alilosikia dereva. Nikasema. Akakunja uso. Akasema mbona ni neno moja. Mzee wa pili, Yussuf wa Gaal, alikuwa askari kule Nakuru zamani na alijivunia Kiswahili chake kama mtu anavyojivunia ng'ombe. Akasema huyu mama haijui lugha, ngojeni niwaonyeshe. Akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mbya," akasema. "Mmesikia? Mbya."

Wote wakamgeukia Komora. Yeye peke yake chumbani alikuwa na p. Masikini alitamani ardhi imfunike.

"Hiyo pia ni mbaya, Mzee," akasema.

"Mbaya vipi? Nimesema mbya."

"Ndiyo, Mzee. Umesema mbaya."

Mlangoni watu walishika kuta kwa kicheko. Mzee wa tatu akajaribu, akatoa mbuya. Hirsi hakujaribu, alikuwa na akili. Hata Sahara alificha mdomo kwa mtandio, na nilimwona mabega yanatikisika, na nilipoona yanaendelea kutikisika baada ya wengine kunyamaza nikajua hacheki tena.

Hirsi akatoa uamuzi. Alisema kosa limeonekana, na kosa ni la lugha. Lugha si yetu, tumeazima. Mama Dahabo ni mama, ni mjane, amezeeka, alitaka kusaidia. Basi asamehewe. Ukoo utamchangia Sahara mbuzi wawili, wa tatu Mungu atamleta. Na Mama Dahabo, kwa heshima yake, arudi kwenye chai yake, meza ya stata aiachie wanaume, ili fitina isirudi tena. Akasema hayo kwa upole kabisa. Wanaume wa mlangoni wakaitikia. Mtu mmoja nyuma akanipa hata pole, na nikasikia wengine wakisema alhamdulillahi, mama ameponea.

Wanangu, niliwahi kutukanwa mara nyingi kwenye ile kazi, na sikuwahi kuumia kama siku ile niliposamehewa.

Nikamuuliza Hirsi kama naweza kusema. Akakubali.

"Mutuku angesema neno baya kwenye simu, mbuzi wa mtu wakauzwa," nikamuuliza, "mngemfanyaje?"

"Mutuku? Angelipa."

"Wangapi?"

"Wote. Alikuwa fundi, neno la fundi ni kazi yake."

"Basi mimi nani?"

Hirsi akacheza na fimbo yake. Akasema mama, usijitafutie mzigo, tumeshakutua.

"Nirudishieni," nikasema. "Mbuzi wote wanane, wa maziwa kwa wa maziwa. Kosa si la lugha. Lugha haina meza mjini. Kosa ni langu, nilimwambia mtu neno na sikumwambia anirudishie nilisikie. Simu ilikatika, sikupiga tena, nikanywa chai. Nilipisheni kama mnavyomlipisha mwanamume, na kesho asubuhi nafungua meza yangu kama mwanamume anavyofungua."

Yussuf, yule askari, akasema kwa Kisomali kwamba mwanamke huyu ana kichwa cha ngamia dume. Nikamwambia asante. Hirsi akamgeukia Sahara akamuuliza anasemaje. Sahara akasema yeye anataka mbuzi wake, na hajali wanatoka kwa mama au kwa baba. Basi Hirsi akapiga fimbo sakafuni, akasema wanane, na chai ikaagizwa.

Nawaambia haya nyinyi wasichana mlioko chuo cha ufundi, mnaokuja kunisalimu mna ovaroli safi, na nyinyi wavulana pia msitoke, yanawahusu. Siku hizi mambo yamebadilika. Stata zina gia ndogo ndani, gari linawashwa kwa kidole, kuna kifaa unachomeka kinakusomea ugonjwa kama daktari. Vizuri. Lakini kifaa hakiongei na mteja, unaongea wewe. Ukimwambia mtu jambo kwenye simu, mwambie akurudishie kwa maneno yake. Ukishindwa kutamka mpya, sema ya dukani, sema haijaguswa, zunguka herufi kama unavyozunguka shimo barabarani. Mimi nilifanya hivyo mpaka siku niliyoacha kazi, na stata nyingine haikununuliwa bila sababu kwa mdomo wangu. Na mtu akija kukusamehe, mtazame mkono wake wa pili umeshika nini. Msamaha mwingine huja na funguo za meza yako.

Sasa nilipe. Nilikuwa na mbuzi tisa duniani, wako kwa ndugu yangu Osman nje kidogo ya mji, na ule ukame ulikuwa umewaacha wote tisa na maziwa kwa sababu Osman anawanunulia majani kabla ya kujinunulia sukari. Sahara akaja na Komora na ile pikapu. Ilisimama, ikazimwa, ikawashwa, mara moja tu.

Sahara hakuwa na haraka. Alimshika kila mbuzi kiwele, akakamua kidogo kiganjani, akanusa, akafungua mdomo akatazama meno. Kila aliyemkubali, Komora alimpandisha kwenye pikapu. Mmoja, wawili, mpaka saba. Wa nane akamtembeza hatua chache, akamsimamisha, akamtembeza tena.

"Huyu anachechemea," akasema.

Osman akawaka. Akasema huo ni mwiba tu, kesho utatoka, na kwamba dada yake ametoa zaidi ya alivyoombwa, mtu gani anachagua hivi, kwani yuko sokoni. Sahara alimwacha amalize. Halafu akaongea na mimi, si na yeye.

"Mimi sikuja kuchukua sadaka. Nimekuja kwa fundi. Fundi anatoa kitu kizima."

Mbuzi wa tisa nilikuwa nimemfunga nyuma ya nyumba ya Osman asubuhi ile, kabla hawajafika. Ndiye aliyekuwa na maziwa kuwapita wote, na nilikuwa nimesema moyoni huyu nibaki naye, nani atajua.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, ninacheka peke yangu kama mwendawazimu, nikafungua kamba.